Mdhamini wa Tatu

Soko la Jericho lina kelele zake, na mwenye uwezo wa kuzizima ni mtu mmoja tu. Si askari wa kanjo, si chifu, wala si yule mhubiri wa mchana mwenye spika kubwa kuliko kanisa lake. Ni Rispa, mama wa kukaanga samaki, anayekaa pale karibu na mfereji wa kuchotea maji.

Rispa ana simu mbili. Ile kubwa ya kugusa kioo ni ya wateja wa samaki, na ya kuongea na Opiyo, mwanawe aliyeko Kisumu. Ile ndogo ya vibonyezo, anayoivaa shingoni kwa kamba, ni ya ofisi. Hiyo ndogo ikilia, Rispa huinua juu mkono wake wenye magamba ya samaki na kusema neno moja tu: "Ofisi!"

Basi hapo utaona maajabu. Muoki, fundi wa kuchomelea vyuma, huzima mashine yake hata kama geti la mtu limeshikwa upande mmoja. Kinyozi hukata muziki. Mteja mgeni akiendelea kuuliza sukuma ni ngapi, hutazamwa na safu nzima mpaka anyamaze mwenyewe. Rispa hujifuta mikono kwenye aproni, hukohoa kidogo, hunyoosha mgongo, na kutoka kwenye kifua kile cha mama wa samaki hutoka Kizungu laini kilichopigwa pasi, ungedhani amekaa kwenye ghorofa ya juu kabisa mjini, zulia chini ya miguu yake. Samaki waliomo kwenye mafuta wakati huo wajipange wenyewe. Hawageuzi mpaka amalize.

Anayepiga huwa ni mkubwa wa ofisi fulani, anayeuliza habari za kijana aliyeomba kazi. Maana ukiichukua sivii ya kijana yeyote wa Jericho au Kaloleni, ukashuka nayo mpaka chini kabisa, pale panapotakiwa majina matatu ya watu wa kupigiwa simu waseme wewe ni mtu wa namna gani, utakuta mdhamini wa kwanza ni mchungaji, wa pili ni mwalimu, na wa tatu ni Bi. Aluoch, mfanyabiashara, Soko la Jericho. Huyo ndiye Rispa. Vijana wengine hata hawalitumii jina lake. Wanamwita Wa Tatu, na yeye anaitika.

Mambo haya hayakuanza jana. Rispa alizaliwa Kaloleni, baba yake mtu wa reli, mkali wa Kiingereza na mkali wa viatu vichafu. Alipomaliza shule akaajiriwa na kampuni moja ya bima mjini kuwa opereta wa simu. Wewe kijana wa leo humjui opereta. Opereta ndiye aliyekuwa mlango wa kampuni. Kila aliyepiga alipitia kwake, na Rispa aliwajua watu kwa sauti kabla hawajataja majina. Alijua nani anapiga akiwa na msiba na nani anapiga kwa hasira za asubuhi tu. Aliipenda kazi ile, aliipenda kabisa, akiamka Jumatatu anaimba. Kisha kampuni ikanunua mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili. Rispa akapewa keki, saa ya ukutani na asante nyingi, akaenda nyumbani. Mpaka leo akipiga simu mahali akasikia sauti ya kumwambia abonyeze moja, huisonya ile simu utadhani imemtukania mama.

Akaingia kwenye samaki. Maisha lazima yaendelee, na samaki wake, nakuambia, si wa mchezo.

Siku moja Shiru, binti wa jirani, akaja pale kibandani akilia. Sivii yake ilikuwa tayari imekamilika isipokuwa jina la tatu. Mchungaji yupo, mwalimu yupo, wa tatu hana. Mtoto wa mtaani atamjulia wapi meneja? "Niweke mimi," Rispa akasema, bila kufikiri sana. Simu ikaja, akaijibu, na Shiru akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate kule Viwandani. Habari ile ilizunguka Jericho yote kabla Shiru hajatoa mkate wake wa kwanza.

Lakini usidhani unalichukua jina lake hivi hivi. Rispa hadanganyi kwenye simu. Alifundishwa hivyo zamani na hajui njia nyingine. Wala hamdhamini mtu asiyemjua. Ukimtaka awe mdhamini wako, uje ukae naye asubuhi moja au mbili, uparue samaki, uhudumie wateja, naye akuangalie. Tena kuna lile linalowatoa watu jasho: lazima akutafutie kasoro yako moja, akwambie usoni, na mwajiri akipiga ataitaja.

"Nikikusifu tupu," husema, "mwenye simu atajua nimehongwa."

Mwanzoni mwa mwaka alikuja Jackton, kijana mrefu wa Kaloleni, karatasi imekunjwa mfukoni.

"Niaje, mathe. Nimekuja uniweke."

"Rudia hiyo salamu kama mtu mwenye mama nyumbani."

"Habari yako, mama."

"Nzuri. Leta tuone."

Rispa akavaa miwani, akaisoma ile sivii polepole, midomo ikitembea. Kisha akamtazama Jackton juu ya miwani.

"Hapa unasema wewe ni mtu mwenye ari, unayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Hapa unasema unapenda kuogelea. Umeogelea wapi wewe?"

"Mathe, hiyo huwekwa tu."

"Huwekwa na nani?"

"Thuo wa saiba. Iko ndani ya kompyuta."

"Yawa! Jericho nzima mnaogelea, na maji ya mfereji tunayaona kwa bahati! Na hii ya kupenda kusafiri? Umesafiri wapi?"

Jackton akakuna shingo. "Nakuru."

"Kufanya nini?"

"Kuzika mjomba."

Muoki akacheka mpaka akaketi juu ya mkebe wa rangi. Lakini Rispa hakucheka, alikuwa kazini. Alimjua vizuri Thuo wa duka lile la kompyuta. Kijana mzuri, ana mikono myepesi, ila uvivu wake ni mmoja: akija mtu wa kuandikiwa sivii, huchukua ya mtu wa jana, akabadilisha jina na shule, na mengine yote akayaacha yalivyo. Ndiyo maana mtaa mzima una ari na mtaa mzima unaogelea.

"Sikiliza, nyathina, mwanangu," Rispa akamwambia, kwa sauti ya chini sasa. "Yule atakayeisoma hii amesoma nyingine kama hii tangu asubuhi, mpaka macho yamechoka. Mpe kitu kimoja cha kweli ambacho si cha mtu mwingine. Niambie jambo ulilofanya, watu wakakushukuru."

Jackton alifikiri sana. "Labda ile foleni ya maji wakati wa ukame. Mimi ndiye nilikuwa naipanga."

"Watu walipigana?"

"Hapana. Niliwapa namba za chaki kwenye mitungi."

"Ndiyo hiyo! Weka hiyo!"

"Lakini mathe, hiyo si kazi."

"Nani alikudanganya si kazi? Kupanga akina mama wa Kaloleni wenye kiu wasipigane? Wewe weka. Na kasoro yako ni kuchelewa. Tulipatana saa mbili, umekuja hapa saa nne ukitafuna miwa."

Siku hizi Jackton anapanga malori kwenye geti la kampuni ya maziwa, na anafika mapema, maana waliomwajiri waliambiwa kabla.

Sasa, mtu mwenye jicho kali hivyo kwa wengine, utadhani anajiona vizuri yeye mwenyewe. Wapi!

Kwanza kulikuwa na vita vyake na Wacera. Wacera anauza nguo za watoto, kibanda kwa kibanda na Rispa. Huamka gizani kwenda Gikomba kuwahi marobota yakifunguliwa, achague zile nguo nzuri za kwanza zinazoitwa kamera, azifue, azipige pasi, azitandaze juu ya turubai jeupe. Na Rispa akishamaliza kuparua samaki, beseni la maji ya magamba hulimwaga hapo hapo mbele yake, kwa sababu mtaro mkubwa uko mbali, ng'ambo ya mfereji. Maji nayo yana akili zao. Huteremka moja kwa moja kwa Wacera.

"Mama Opiyo," Wacera alisema siku ile, akiwa ameinua gauni dogo la waridi lenye gamba la samaki kwenye kola, "hii nitamuuzia nani? Samaki?"

"Mama Kate, barabara ni ya kila mtu."

Basi. Wakanuniana. Wiki zikapita, hakuna salamu, hakuna kuazimana kiberiti, hata chai ya saa nne kila mtu na birika lake. Soko zima likachoka kuwatazama. Katikati ya huo ugomvi simu ndogo ililia, na mwenye ofisi akaulizia habari za Kate, binti ya Wacera. Rispa aliinua mkono kama kawaida, akasema aliyokuwa nayo ya kusema, akarudisha simu shingoni, akaendelea kununa pale alipoachia.

Lakini vita havikuwa ndilo jambo lililomkosesha usingizi. Lililomkosesha usingizi ni tangazo.

Kila asubuhi Rispa hutembea kutoka Kaloleni kwenda Jericho, na njiani kumefunguliwa kliniki mpya ya macho. Asubuhi moja aliona karatasi kwenye geti lao: anatakiwa mtu wa mapokezi, wa kujibu simu na kukaribisha wagonjwa. Akasoma akapita. Akarudi akasoma tena. Hakukuwa na neno lolote juu ya umri. Alisimama pale, ndoo ya samaki kichwani, moyo unampiga kama msichana. Ni kweli moshi wa mafuta ulikuwa umeanza kumbana kifua, na daktari alishamwonya. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe ilikuwa meza yenye simu. Aliitaka ile meza kwa hamu iliyomtia aibu hata yeye mwenyewe. Na alijua hakuna nyingine itakayokuja. Mtu wa umri wake hatangaziwi kazi mara mbili.

Jioni akaenda kwa Thuo.

"Mathe! Leo umemleta nani?"

"Nimejileta mimi."

Thuo akadhani ni utani, kisha akaona uso wake, akavuta kiti. "Sawa. Jina?"

"Rispa Odera, kama ilivyo kwenye kitambulisho." Odera ni la marehemu mumewe. Aluoch ni la kwao, ndilo watu wanalolijua. Akampa pia namba ya ile simu kubwa, maana ile ndogo ni ya kazi za watu.

"Ulifanya wapi kazi?"

Akaitaja ile kampuni ya bima.

"Na baada ya hapo mpaka leo?"

Yule anayewaambia vijana hakuna kazi isiyo kazi, yule aliyeona foleni ya maji akaona uongozi, alikaa mbele ya kompyuta ya Thuo akajiona ni mtu wa kunuka samaki tu. Miaka yote hiyo, aseme nini? Alikaanga?

"Andika tu biashara ndogo," akasema.

"Mathe, wewe hutuambia..."

"Thuo. Andika biashara ndogo."

"Haya. Wadhamini watatu?"

"Mchungaji. Na Shiru wa mikate." Wakubwa wake wa zamani wengine walishafariki, wengine walihama. "Wa tatu nitamfikiria, nitakuletea kesho."

Kesho yake hakurudi. Aliona aibu. Alisikia Thuo ameituma ile sivii kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa imefika, akasema basi, ya Mungu mengi. Nakala aliyochapiwa aliikunja bila kuisoma, akaisukuma chini ya godoro. Yule anayesoma sivii za watu neno kwa neno, yake hata hakuiangalia. Na sokoni hakumwambia mtu yeyote.

Siku zikaenda. Simu kubwa ililia mara nyingi, lakini ni wateja: mkubwa ni bei gani, mdogo je. Rispa akaanza kujiambia kwamba meza yenyewe labda ni ndogo, na viti vya kliniki huumiza mgongo.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano hivi, soko limejaa, samaki wako kwenye mafuta na mashine ya Muoki inalia kama imechinjwa. Simu iliyolia ni ile ndogo.

"Ofisi!"

Muoki akazima. Kinyozi akakata muziki. Hata Wacera, pamoja na kununa kwake, alimziba mteja mdomo kwa kiganja. Rispa akajifuta, akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza Kizungu chake. Lakini sauti ya upande wa pili, ya mwanamke kijana, ikamjibu kwa Kiswahili.

"Mama, habari ya asubuhi. Naitwa Kawsar, mimi ni meneja wa kliniki ya macho hapa Kaloleni. Naongea na Bi. Aluoch?"

"Ndiye mimi." Moyo wake ulishtuka kidogo kwa kusikia neno kliniki, lakini mdomo uliendelea na kazi uliyoizoea. "Unaulizia nani, binti yangu?"

"Kuna mwombaji amekutaja kuwa mdhamini wake wa tatu. Anaitwa Rispa Odera. Unamfahamu?"

Macho ya Rispa yakakimbilia upande wa saiba, na hapo akaelewa yote. Thuo! Thuo na sivii zake za mtu wa jana! Jina la tatu hakuletewa, akaliacha lile linalokaa pale siku zote.

"Mama? Uko?"

"Niko." Soko zima lilikuwa linamtazama. Angeweza kukata simu, aseme mtandao. Mdomo ukajibu wenyewe: "Namfahamu. Tangu alipozaliwa."

"Vizuri sana. Ni mtu wa namna gani?"

Hili swali alishalijibu mara nyingi hata hakumbuki. Kila mara hufumba macho, akamwona yule kijana amekaa pale kwenye kigoda akiparua samaki, akajiuliza: nimeona nini? Akafumba macho. Safari hii kwenye kigoda alikuwepo mama mnene mwenye aproni iliyochakaa, simu shingoni. Akamtazama kama angemtazama mtoto wa mtu. Akashangaa kwamba alikuwa na la kusema.

"Kwanza kasoro yake," akasema. "Rispa ana mdomo. Na ni mkaidi. Ana jirani anayeuza nguo, na kila siku humwagia maji ya samaki mlangoni, akiambiwa anasema barabara ni ya kila mtu. Jirani ndiye mwenye haki, na Rispa anajua tangu siku ya kwanza. Ameshindwa tu kusema."

Upande wa nguo, mtu aliangusha hanga.

"Mengine?" Kawsar akauliza, sauti imekuwa makini.

"Mengine... Simu ikilia, anaijibu. Hata akiwa mgonjwa. Anasikiliza mpaka mwisho. Anajua mtu anayepiga kelele kwa sababu ana hasira na mtu anayepiga kelele kwa sababu anaogopa, na mtu asiyeona vizuri, binti yangu, huwa anaogopa. Alifundishwa kazi hiyo, ikachukuliwa na mashine, na mpaka leo anaitamani." Akanyoosha tena mgongo. "Na hadanganyi kwenye simu. Kwa hiyo lazima nikwambie. Rispa mwenyewe ndiye mimi. Sikujiweka, ni kosa la kijana wa saiba, lakini ndiye mimi unayeongea naye. Nisamehe kwa kukupotezea wakati."

Rispa alisubiri ile simu ikatike. Badala yake akasikia kicheko, cha chini kwanza, kisha kikamshinda mwenyewe.

"Mama," Kawsar akasema, akijikaza, "tangu juzi napiga simu za wadhamini. Naambiwa wote ni malaika. Wewe ndiye wa kwanza kunitajia kosa la mwombaji, na mwombaji ni wewe! Lakini nina shida moja. Mkuu wangu anataka watatu, na mtu hawezi kujidhamini. Nipe mwingine sasa hivi, anayekuona kila siku. Una mtu hapo karibu?"

Simu ile ndogo ina sauti kubwa, na walio karibu walisikia yote. Rispa akainua macho. Muoki alikuwa amesimama na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Kinyozi ameshika wembe hewani. Lakini kabla hajachagua, mkono ulitokea kando yake, mkono wenye pete ya shaba na harufu ya sabuni ya kufulia, ukaitoa ile simu shingoni mwake pamoja na kamba yake.

Wacera!

Ngoja nikwambie, Rispa alitamani ardhi ipasuke. Wiki zote hizo hawajasalimiana, na maisha yake sasa yako kwenye mdomo wa mama wa gauni la waridi.

"Haloo," Wacera alisema kwa nguvu, kama watu wasioamini kwamba simu inasikia. "Mimi ni Mama Kate. Mimi ndiye yule jirani wa nguo. Ndiyo, ya maji ni kweli. Ni kweli kabisa! Nimepata hasara, nimelia, huyu mama hata hanisalimii."

Rispa akafumba macho.

"Na hapa kwetu ukimsema mtu lazima useme ukweli, yeye mwenyewe ndiye alituzoesha. Sasa sikiliza. Kate wangu aliomba kazi. Simu ikaja, na sisi hatuongei. Nilikaa hapa nikashika kichwa, nikasema leo mtoto wangu amekwisha, huyu atamharibia. Unajua alisema nini? Alisema Kate ana hasira za karibu kama za mama yake." Soko likapasuka kicheko, Wacera akalinyamazisha kwa mkono, kama Rispa anavyofanya. "Halafu akasema, lakini mwaka ule bibi yake alipokuwa kitandani, Kate ndiye alimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na hakuna siku alisikika akilalamika. Mimi mama yake nilikuwa nimesahau hayo. Huyu alikuwa ameyaona. Na akiongea, samaki wake walikuwa wanaungua, karai nzima, na hakuwageuza mpaka alipomaliza kumdhamini mtoto wangu. Watoto wangapi wa hapa wamekula kazi kwa sababu ya samaki walioungua? Akawatupa, akarudi kuninunia. Huyo ndiye Rispa."

Akasikiliza.

"Ndiyo. Ndiyo. Eh, nitamwambia. Lakini ujue mmetunyang'anya, sasa simu za hapa zitajibiwa na nani?" Akasikiliza tena. "Haya, asante, mama. Mungu akubariki."

Akabonyeza kile kitufe chekundu kwa kidole gumba, kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyewasha mashine. Hakuna aliyeuliza sukuma ni ngapi.

"Unaitwa Jumatatu, saa mbili," Wacera akasema. "Watakuona kwanza, lakini amesema kiti ni chako, labda ukikatae mwenyewe."

Machozi yalimtoka Rispa yakashuka hadi kwenye aproni, na Wacera akamvalisha simu yake shingoni, akamnyoosha kamba vizuri, kama anavyonyoosha kola za nguo za watoto.

"Na wewe usinililie hapa," akasema. "Samaki wanaungua."

Walikuwa wameshaungua. Rispa akawaipua, akazima jiko. Kisha akainama, akalishika beseni la maji ya magamba kwa mikono miwili, akalibeba kulipitisha mbele ya turubai jeupe la Wacera, polepole asimwage hata tone, mpaka ng'ambo ya mfereji, na kuyamwaga kwenye mtaro.